Jina moja linatosha: lakabu za domeni au uelekezaji?

Leo tuongee kuhusu swali ninaloulizwa karibu kila ninapomjengea mtu tovuti. Mteja anakuja na kusema: "Nina .co.ke, nina .com, na juzi nimeongeza .ke. Nataka yote matatu yafungue tovuti yangu moja. Tunafanyaje?"

Njia ni mbili. Ya kwanza ni lakabu: unaiambia seva kwamba majina yote matatu ni ya tovuti ileile, na mgeni akiandika lolote kati yake anaona kurasa zilezile, huku jina aliloandika likibaki palepale juu ya kivinjari. Ukitumia cPanel, kitu hiki kiliitwa Parked Domains, baadaye kikapewa jina la Aliases. Njia ya pili ni uelekezaji: unachagua jina moja kuwa ndilo lenyewe, na haya mengine kazi yake ni kumpeleka mgeni kwenye hilo moja. Mgeni anaandika .com, anajikuta kwenye .co.ke.

Wengi huchagua lakabu kwa sababu ni rahisi. Kubofya mara mbili, umemaliza. Mimi msimamo wangu ni kwamba kwa tovuti ya kawaida, iwe ya duka, shule, chama au kanisa, lakabu ni chaguo baya, na uelekezaji ndio wa kufuata. Lakini sababu inayotolewa na mafundi wengi si sababu ya kweli. Tutafika huko.

Tofauti iko wapi hasa

Tuanze na msingi, maana bila huo tutabishana bure.

Ukiandika jina la tovuti, kivinjari huuliza DNS: "Jina hili liko kwenye namba gani?" Hupewa namba ya IP, halafu kinabisha hodi kwenye seva yenye namba hiyo. Kikishafunguliwa, hutaja tena jina la tovuti kinachoitaka, kwenye mstari unaoitwa Host. Mstari huo uliingia rasmi kwenye HTTP/1.1 mwaka 1997. Kabla yake, kila domeni ilihitaji namba yake ya IP, kwa sababu seva haikuwa na njia ya kujua mgeni anatafuta nyumba ipi. Leo seva moja inaweza kubeba tovuti mia, na mstari wa Host ndio unaozitenganisha.

Sasa hapo kwenye Host ndipo unapoamua. Kwa lakabu, seva inasoma jina, inasema "hili nalijua," na inatoa ukurasa. Kwa uelekezaji, seva inasoma jina, lakini badala ya ukurasa inarudisha jibu fupi lenye namba, kwa kawaida 301, pamoja na anwani mpya. Kivinjari kinaichukua anwani hiyo na kubisha hodi upya.

Wanaotumia Apache, lakabu ni mstari mmoja:

ServerAlias mfano.com mfano.ke

Na uelekezaji nao ni mstari mmoja, ndani ya sehemu ya yale majina ya zamani:

Redirect permanent / https://mfano.co.ke/

Kwa hiyo hoja ya "rahisi" haina uzito sana. Ni mstari mmoja kwa mstari mmoja.

Kama wewe si mtu wa seva, fikiria duka la River Road lililohamia Luthuli Avenue. Uelekezaji ni ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa zamani: TUMEHAMIA, na chini yake mshale. Lakabu ni duka moja lenye milango miwili, mmoja unatazama River Road, mwingine Luthuli, na kila mlango una bango lenye jina tofauti. Ndani bidhaa ni zilezile. Lakini ukimwambia jirani yako umenunua redio wapi, utataja jina gani? Na yeye akienda akakuta bango lingine, atajuaje kwamba amefika?

Hadithi ya adhabu ya Google

Mafundi wengi wakitaka kukutisha uache lakabu husema: "Google itakuadhibu kwa kuwa na kurasa zilezile mara mbili." Nimelisikia neno hili miaka yote, na si kweli kwa maana wanayoitumia. Google wenyewe waliandika mwaka 2008 kwamba kwa tovuti ya kawaida adhabu ya namna hiyo haipo. Kinachotokea ni kwamba Google ikikuta ukurasa mmoja kwenye anwani tatu, inachagua moja ya kuonyesha na kuziacha nyingine. Tatizo ni kwamba inaweza kuchagua usiyoitaka. Umechapisha .co.ke kwenye kadi zako zote, halafu mtu akikutafuta anaona .com.

Tena kuna dawa ya jambo hilo bila hata kugusa lakabu. Mwaka 2009 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuhusu alama inayoitwa canonical, mstari mmoja kwenye kichwa cha ukurasa unaosema "anwani halali ya ukurasa huu ni hii." Ukiuweka, mitambo ya kutafuta huchukua hiyo kama dokezo zito na mara nyingi hulifuata.

Basi mtu akikupinga kwa hoja ya Google peke yake, unaweza kumjibu: "Nimeweka canonical, niachie lakabu zangu." Na kwa upande wa Google atakuwa hana la kusema sana. Kama hiyo ndiyo ingekuwa sababu pekee, nisingeandika makala haya.

Sababu ya kweli ni mteja wako

Canonical husomwa na mashine za Google. Mteja wako haioni, na kivinjari chake hakijali. Yeye anaona jina lililo juu ya kivinjari, basi. Na kwa kompyuta yake, majina mawili ni tovuti mbili. Hakuna kitu kwenye kivinjari kinachojua kwamba mfano.com na mfano.co.ke ni mtu mmoja.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Tangu Netscape ya mwaka 1995 vivinjari vimejengwa juu ya kanuni kwamba data ya jina moja haiguswi na jina lingine. Ndiyo maana tovuti ya michezo uliyofungua kwenye kichupo cha pili haiwezi kusoma akaunti yako ya benki iliyo kwenye kichupo cha kwanza. Ukuta huo ndio unaokulinda. Ukitumia lakabu, umejijengea nyumba yako upande huu na upande ule wa ukuta huohuo.

Matokeo yake ni haya. Kuki iliyowekwa na .com haitumwi kwa .co.ke. Kwa hiyo mteja akiingia kwenye akaunti yake kupitia .com, kisha abofye kiungo cha WhatsApp chenye .co.ke, anaambiwa aingie upya. Amejaza kapu la vitu kwenye jina moja, barua pepe ya kuthibitisha ina kiungo cha jina lingine, akifika huko kapu ni tupu. Wewe unajua ni kuki. Yeye anajua ametoka tu kulipa kwa M-Pesa na sasa kapu lake halipo. Atakupigia simu akiwa amepanda hasira, na ana haki.

Programu za kutunza nywila nazo zinafuata jina. Nywila iliyohifadhiwa kwa mfano.com haitajitokeza kwenye mfano.co.ke, isipokuwa mtu amezifunga pamoja kwa mkono. Mteja aliyezoea nywila ijijaze yenyewe, siku isipojijaza, ataiandika kwa mkono. Angalia ulichomfundisha hapo. Nywila kukataa kujijaza ilikuwa dalili nzuri kabisa ya kumwonya kwamba yuko kwenye tovuti bandia. Wewe na lakabu zako mmemzoesha kuipuuza.

Twitter kuwa X

Mkitaka kuona ni kwa kiasi gani jina la domeni limeshikamana na usalama, tazameni kilichotokea kwa Twitter.

Kampuni ilitangaza jina la X Julai 2023. Siku hizo x.com haikuwa tovuti yenyewe, ukiandika x.com ulipelekwa twitter.com. Ilichukua hadi Mei 2024 ndipo mshale ukageuzwa, twitter.com ikawa inakupeleka x.com. Karibu miezi kumi, kwa kampuni yenye wahandisi wa kutosha na pesa za kutosha. Jambo la kujifunza ni kwamba wakati wote huo walikuwa na jina moja tu lenyewe, na lingine lilikuwa mshale. Hawakuyaacha yote mawili yafanye kazi sambamba.

Katikati hapo, Aprili 2024, programu yao ya iPhone ilianza kubadilisha maandishi: kila ilipoona "twitter.com" kwenye ujumbe, ilionyesha "x.com." Yaani walichukulia majina mawili kama kitu kimoja kwenye maandishi tu. Watu wakagundua haraka kwamba domeni kama fedetwitter.com ingeonekana kwa msomaji kama fedex.com, lakini akibofya anakwenda fedetwitter.com. Zawadi kubwa kwa matapeli. Ilibidi warekebishe haraka.

Na kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2025 X iliwaambia watumiaji wenye funguo za usalama, vile vifaa vidogo unavyochomeka ili kuthibitisha ni wewe, wazisajili upya kufikia Novemba 10. Kwa nini? Kwa sababu funguo zile zilikuwa zimefungwa na jina twitter.com. Ufunguo wa namna hiyo haudanganyiki: umesajiliwa kwa jina fulani, utajibu jina hilo tu. Huo ndio uzuri wake. Tovuti bandia inaweza kufanana na yako kwa kila rangi, lakini ufunguo utakataa.

Sasa fikiria umeweka lakabu tatu, kisha siku moja unataka kuwapa wateja wako njia hii salama ya kuingia. Utaifunga na jina gani? Utalazimika kuchagua moja. Basi si uchague leo, kabla wateja hawajazagaa kwenye yote matatu?

Kisa cha vipuri

Kuna duka la vipuri vya magari hapa Nairobi ambalo liliniita baada ya mambo kuharibika. Sitalitaja jina. Lilikuwa na domeni tatu, zote lakabu, zote zikifanya kazi. Kwenye gari la kusambaza bidhaa kuliandikwa jina moja, kwenye risiti lingine, kwenye Facebook la tatu. Hakuna aliyeona shida, kwa sababu "zote zinafungua."

Mtu akasajili jina la nne, linalofanana, lenye kistari katikati. Akanakili kurasa zote, picha zote, bei zote kapunguza kidogo, na nambari ya Lipa na M-Pesa akaweka yake. Wateja kadhaa walilipa. Mmoja alikuwa fundi aliyelipia giaboksi kwa pesa za mteja wake.

Walipoulizwa kama hawakuona jina ni tofauti, jibu lao lilikuwa moja: "Si nyinyi mna majina mengi?"

Sisemi uelekezaji ungemzuia tapeli kusajili jina la nne. Hakuna mpangilio wa seva unaoweza hilo. Ninachosema ni kwamba mwenye duka hakuwa na sentensi ya kuwaambia wateja wake. Duka lenye jina moja linaweza kuandika kwenye kila risiti: "Tovuti yetu ni hii tu. Ukiona jina lingine juu ya kivinjari, usilipe." Duka lenye lakabu tatu haliwezi kuandika hivyo. Likiandika, litakuwa linadanganya.

Kwangu mimi hapo ndipo mjadala unapoishia. Nchi hii watu wanalipa karo, mahari, bima na mbolea kwa simu. Kitu kimoja anachoweza kukagua mtu asiye fundi kabla ya kubonyeza PIN ni jina la tovuti. Hajui cheti ni nini, hajui seva iko wapi. Jina anaweza kulisoma. Tusimharibie hilo moja.

Uelekezaji una masharti yake

Haya, umeshawishika. Usikimbilie kubofya bado. Uelekezaji uliofanywa vibaya unaweza kuwa mbaya kuliko lakabu. Haya ndiyo ninayoyakagua kila mara.

1. Njia nzima ihamishwe, si jina tu. Mtu akifungua mfano.com/bei/matairi, afike mfano.co.ke/bei/matairi. Wengine humtupa kila mtu kwenye ukurasa wa mwanzo. Mgeni alikuwa anatafuta bei ya matairi, sasa anatazama picha ya mkurugenzi akitabasamu. Google nayo mara nyingi huchukulia mitupo ya namna hiyo kama kurasa zilizopotea.

2. Jina la zamani nalo linahitaji cheti. Hili linawashangaza wengi. Mtu akifungua https://mfano.com, kivinjari hukagua cheti cha mfano.com kabla ya kusikia habari yoyote ya kuelekezwa. Kama cheti hakipo, atakutana na onyo jekundu, na mshale wako hatauona kamwe. Tangu Let's Encrypt waanze kutoa vyeti bure, mwishoni mwa 2015, hakuna kisingizio cha gharama.

3. Mshale mmoja, si minne. Nimeona tovuti zinazotoka http kwenda https, halafu kwenda www, halafu kwenda .co.ke, halafu kutoka www tena. Seva ikiwa Ulaya, kila safari ya kwenda na kurudi kutoka hapa ni milisekunde mia na zaidi, na kwa mtandao wa simu huko mashambani ni zaidi ya hapo. Mpeleke mgeni mwisho wa safari kwa hatua moja.

4. Anza na 302, maliza na 301. Namba 301 humwambia kivinjari kwamba uhamisho ni wa kudumu, nacho huweza kukumbuka hivyo muda mrefu bila kuuliza tena. Ukikosea anwani, baadhi ya wageni wataendelea kupelekwa pabaya hata baada ya wewe kurekebisha. 302 ni ya muda. Jaribu nayo siku chache, ukiridhika geuza iwe 301.

5. Chunga mahali ambapo mashine ndizo zinazobisha hodi. Ukipokea malipo ya M-Pesa kwenye tovuti yako, mfumo wa malipo hutuma taarifa kwa anwani uliyosajili, kwa njia ya POST. Mpango mwingi ukipewa 301 kwa POST, huibadilisha kuwa GET na mzigo hudondoka njiani. Mingine haifuati mshale kabisa. Namba 307 na 308 zinakataza ubadilishaji huo, na 308 iliwekwa rasmi mwaka 2015, lakini usitegemee kwamba upande wa pili utazifuata. Nenda ukabadilishe anwani uliyosajili, na mpaka hapo iache njia hiyo moja ijibu kwenye jina la zamani.

6. Barua pepe haihusiki na mshale. Uelekezaji ni wa kurasa za wavuti tu. Barua ya info@mfano.com hupitia rekodi za MX, ambazo ni kitu kingine kabisa. Kuna waliofuta mipangilio yote ya DNS ya jina la zamani kwa kuwa "tumeshahamia," kisha wakashangaa mbona zabuni hazifiki tena.

Na neno kuhusu njia ya tatu, maana lazima mtaikuta: baadhi ya wauzaji wa domeni hutoa huduma ya kuelekeza kwa kuficha. Huchukua tovuti yako na kuiweka ndani ya fremu, jina la juu likabaki lilelile hata mgeni akizunguka kurasa kumi. Mgeni hawezi kunakili kiungo cha ukurasa alipo, na kuki za ndani ya fremu vivinjari vingi vya leo huzizuia. Usiiguse.

Lakabu inapofaa

Ningekuwa sisemi ukweli nikidai lakabu haina kazi. Ina kazi, tena nzuri, mahali ambapo majina mengi ni wenye nyumba tofauti na siyo mtu mmoja mwenye majina mengi.

Mfano wa kwanza ni mfumo mmoja unaohudumia wateja wengi. Tuseme umeandika programu ya kusimamia shule, na shule thelathini zinaitumia, kila moja kwa domeni yake. Seva ni moja, programu ni moja, lakini kila jina linaonyesha shule yake. Kwa mzazi wa shule hiyo, jina ni moja tu, kwa hiyo hakuna kuchanganyikiwa.

Wa pili ni tovuti za nchi au lugha mbalimbali: .co.ke bei kwa shilingi za Kenya, .co.tz bei kwa shilingi za Tanzania. Hapo maudhui ni tofauti, hivyo zile ni tovuti mbili zinazoshiriki seva. Ila ukikuta tofauti pekee ni bendera pembeni, ujue ni lakabu iliyovaa koti.

Wa tatu ni kipindi cha kuhama. Kwa wiki moja au mbili, kabla ya kugeuza mshale, ni vizuri majina yote yafanye kazi ili ukague kila kitu. Lakini wiki mbili ziwe wiki mbili kweli.

Kuna hoja moja pinzani ninayoiheshimu. Watu wa masoko husema: "Wakenya wanaamini .co.ke, ndugu zetu walio ng'ambo wanaamini .com. Kwa nini tusimpe kila mtu anachokiamini?" Jibu langu ni kwamba tangaza upendavyo. Weka .com kwenye tangazo la Marekani, nayo impeleke mtu kwenye .co.ke. Atafika, ataona jina la kweli, atalizoea. Anachoamini mtu baada ya miezi sita ya kununua kwako si .com wala .co.ke; ni jina ambalo limekuwa lilelile kila mara.

Deni la kila mwaka

La mwisho, na hili hata wanaokubaliana nami husahau. Mshale ni ahadi. Ukishamwelekeza mtu kutoka jina la zamani, lazima uendelee kulilipia jina hilo. Google hushauri uelekezaji uachwe angalau mwaka mmoja, lakini ushauri huo ni kwa ajili ya mitambo yao ya kutafuta. Kalenda iliyotundikwa ukutani kwa mteja haina mwaka mmoja. Wala kiungo kilichochapishwa kwenye kitabu.

Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, aliandika mwaka 1998 makala ya kusisitiza kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Zaidi ya miaka ishirini na mitano baadaye, Google walijifunza somo hilohilo kwa njia ngumu. Huduma yao ya kufupisha viungo, goo.gl, iliacha kupokea viungo vipya mwaka 2019. Wakatangaza kwamba viungo vya zamani navyo vitakufa Agosti 2025. Kelele zikapigwa, na kabla ya siku kufika wakalegeza, wakasema vile vinavyoendelea kutumika watavihifadhi. Kama Google wanaona uzito wa kuzima mishale yao, wewe na mimi tusidhani ni jambo dogo.

Kwa duka dogo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu domeni usiyoilipia hurudi sokoni. Anayeinunua ananunua pia wageni wako wote wa zamani, viungo vyako vyote, na barua pepe zote zitakazoendelea kutumwa huko. Mara nyingi huigeuza kuwa tovuti ya kamari. Mbaya zaidi ni yule anayeirudisha ikiwa na sura yako na nambari yake ya malipo.

Kwa hiyo kabla ya kununua jina la nne, jiulize kama uko tayari kulilipia miaka kumi. KeNIC walipoanza mwaka 2017 kuruhusu usajili wa moja kwa moja chini ya .ke, watu wengi walikimbilia kununua kila kitu ili wasiibiwe jina. Naelewa hofu hiyo. Lakini jina lililonunuliwa kwa hofu na kuachwa baada ya mwaka mmoja ni hatari kuliko jina ambalo hukuwahi kulinunua, maana sasa kuna watu waliolizoea.

Kwa kifupi basi: chagua jina moja, lile ambalo tayari liko midomoni mwa wateja wako, hata kama si zuri kuliko mengine. Liandike kwenye risiti, kwenye gari, kwenye WhatsApp, kila mahali. Majina mengine yote yapige mshale kuelekea hapo, kwa cheti chake na kwa njia nzima. Yaweke yote kwenye kalenda moja ya malipo, kwa jina la kampuni na siyo la kijana aliyewajengea tovuti akaenda zake Dubai.

Ukitaka kujua umesimama wapi, leo jioni chukua simu, andika kila domeni unayoimiliki, moja baada ya nyingine, na kila mara usome jina linalobaki juu ya kivinjari. Likiwa lilelile kila mara, lala salama. Yakiwa mawili au matatu, kesho asubuhi mpigie fundi wako.